Mzigo kutoka Filipi: kisa cha Paulo na somo la kuridhika

Mtu akikutumia msaada ukiwa kifungoni, barua ya kumjibu huianza kwa kushukuru. Paulo hakuanza hivyo. Aliwaandikia Wakristo wa Filipi habari za furaha, za unyenyekevu wa Kristo, za walimu wapotoshaji, za ugomvi wa akina mama wawili wa kanisa, na msaada wenyewe akaugusia kwa mbali tu. Anaufikia karibu na mwisho, sura ya 4 kuanzia mstari wa 10, na hata hapo anatanguliza tahadhari: "Si kwamba nasema haya kwa kuwa nina mahitaji, maana nimejifunza kuwa radhi na hali yoyote niliyo nayo."

Kwa masikio ya uswahilini hilo linakaribia utovu wa adabu. Umekula chakula cha watu, halafu unawaambia hukuwa na shida nacho? Lakini ukiisoma barua kwa utulivu unaona anajaribu jambo gumu: kupokea bila kujikomba, na kushukuru bila kukinga mkono tena. Anajua tamaa inavyojipenyeza hata ndani ya shukrani. Yeyote aliyewahi kutuma ujumbe wa "asante sana, Mungu akuzidishie, ila kuna kiasi kidogo tu kimebaki" anaelewa hatari anayoikwepa.

Kisa ninachokichambua ni hicho: mfungwa mmoja, zawadi moja, na maneno aliyoyaandika baada ya kuipokea. Tumezoea kufundishia tamaa kwa Ahabu na shamba la Nabothi, au Akani na dhahabu ya Yeriko. Visa hivyo vinaonyesha tamaa ikiua. Hiki cha Paulo hakina damu, na labda ndiyo sababu kinapitwa, lakini ndicho kinachoonyesha tamaa ikishindwa na mtu ambaye kwanza ilimshinda yeye.

Mfungwa mwenye mwenye nyumba

Mapokeo ya zamani yanasema barua iliandikwa Rumi, kati ya mwaka 60 na 62 BK. Wataalamu wengine wanapendekeza Efeso au Kaisaria. Nafuata Rumi, kwa kuwa Paulo anafunga na salamu za ndugu "walio wa nyumbani mwa Kaisari". Kama ni Rumi, tuko kwenye mistari ya mwisho ya Matendo ya Mitume: askari wa kumlinda, mnyororo, na miaka miwili katika nyumba aliyoipanga mwenyewe.

Hili la kupanga huwa tunalisoma haraka. Mahabusu wa Kirumi hakuwa na uhakika wa kulishwa na serikali. Asiyekuwa na ndugu wala rafiki wa kumletea chakula alishinda njaa. Paulo, juu ya hayo, alikuwa na mwenye nyumba. Kazi yake ya mikono ilikuwa kushona mahema, kama Matendo 18:3 inavyosema, kazi inayotaka vifaa, nafasi na kutoka kutafuta wateja. Mtu aliyefungwa mnyororo na askari angeifanya kwa taabu, kama aliifanya. Na kodi haingoji rufani yake kwa Kaisari isikilizwe.

Wenye kutoa nao hawakuwa matajiri. Filipi ulikuwa mji wenye majigambo yake: Mfalme Filipo wa Pili wa Makedonia, baba yake Aleksanda, aliutwaa mwaka 356 KK akifuata dhahabu ya milima ya jirani, akaupa jina lake. Baada ya vita vya mwaka 42 KK Warumi waliwagawia askari wastaafu mashamba pale, mji ukawa koloni ya Rumi, na barabara kuu ya Via Egnatia ikapita katikati yake. Lakini kanisa lililoanzia kwa Lidia, mama aliyeuza rangi ya zambarau, halikuishi kwa dhahabu hiyo. Paulo akiyaelezea makanisa ya Makedonia katika 2 Wakorintho 8 anasema umaskini wao ulikuwa mwingi, na kwamba walitoa kupita uwezo wao, tena wao ndio waliosihi waruhusiwe kutoa.

Mzigo wao ulibebwa na Epafrodito, mjumbe wao. Kutoka Filipi hadi Rumi ni zaidi ya kilomita 1,000, sehemu kwa barabara, sehemu kwa bahari. Aliugua akakaribia kufa. Habari zikawafikia wa nyumbani, na yeye akasononeka kwa kuwa wamesikia. Paulo anasema kwamba kama angekufa, ingekuwa kwake "huzuni juu ya huzuni". Kwa hiyo anayesema nimejifunza kuwa radhi anayasema akiwa na chakula mezani ambacho nusura kigharimu uhai wa mtu.

Amri iliyomkamata

Katika Warumi 7 Paulo anazitazama Amri Kumi na kuchagua moja. Hachagui ya kuua, ingawa alisimama kando Stefano akipigwa mawe. Anachagua ya kumi. Asingalijua kutamani, anasema, kama torati isingalisema, "Usitamani". Na ile amri ilipomfikia, dhambi ikapata nafasi ikazaa ndani yake kila namna ya kutamani. Wafasiri wanabishana kama huyo "mimi" wa sura ya 7 ni Paulo mwenyewe au ni mwanadamu kwa jumla. Naona vigumu kumtoa Paulo humo kabisa. Amri nyingine zinaweza kuwa na mashahidi. Ya kumi haina shahidi ila wewe mwenyewe, na kwa Farisayo aliyejihesabu hana hatia mbele ya sheria, hapo ndipo palipokuwa na ufa.

Alitamani nini hasa? Sidhani ilikuwa ng'ombe wa jirani wala kiwanja. Katika Wagalatia 1:14 anasema jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo: katika dini ya Kiyahudi alikuwa ametangulia kuliko wengi walio "hirimu" zake. Hirimu ni rika, wale mliokua pamoja, mkakaa darasa moja. Kijana huyo alikuwa akijipima nao. Hakuwa na shida ya kuwa na kidogo. Shida yake ilikuwa kuwa wa pili. Tamaa ya aina hiyo inakaa vizuri sana kanisani, kwa sababu inavaa nguo za bidii. Mtu asiyeweza kuiba hata shilingi ya sadaka anakesha kwa sababu mwenzake amechaguliwa mzee wa kanisa, au kwaya ya mtaa wa pili imerekodi video kabla ya yao.

Wafilipi 3 inaonyesha jinsi lile daftari la kujipima lilivyofungwa. Anaorodhesha mali zake zote za heshima: kutahiriwa siku ya nane, kabila la Benyamini, Mwebrania wa Waebrania, Farisayo. Halafu: "Lakini mambo yale yaliyokuwa faida kwangu, naliyahesabu kuwa hasara kwa ajili ya Kristo." Hasemi yalikuwa takataka tangu mwanzo. Yalikuwa faida. Kilichotokea ni kwamba alikutana na kitu kizito zaidi, na mizani ikageuka. Ushauri mwingi tunaowapa watu wenye tamaa unaanza upande mwingine: acha kutamani gari, gari ni chuma tu, litaoza. Mtu anaitikia "ni kweli mchungaji" na jioni anarudi kwenye simu kutazama magari. Hakuna aliyemwonyesha cha kushika badala yake. Wakolosai 3:5 inaiita tamaa ya mali ibada ya sanamu, na sanamu haiachi kiti mpaka kiwe na mwingine wa kukikalia.

Darasa la njaa na darasa la shibe

Pamoja na hayo, kuridhika hakukumjia barabarani Dameski pamoja na ile nuru. "Nimejifunza", anasema, na mstari unaofuata anarudia kwamba amefundishwa. Kati ya Dameski na barua hii ipo miaka inayokaribia thelathini. Tukijua hivyo tutawapunguzia mzigo waumini wapya wanaodhani kwamba kwa kuwa wameokoka Jumapili, basi Jumatatu wakiona kijicho kwa mwenzao ofisini wokovu wao ni wa uongo.

Darasa la njaa analieleza 2 Wakorintho 11: taabu, kukesha, njaa na kiu, baridi na kuwa uchi. Tunalifahamu, angalau kwa kulisikia. Darasa la pili ndilo linalonishangaza, maana anasema amefundishwa kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Kushiba nako kunafundishwa? Paulo anaona ndiyo, na maisha yanamuunga mkono. Mtu akiwa na chumba kimoja Mbagala anaomba Mungu ampe nyumba ya kupanga inayojitegemea. Akiipata, kiwanja. Akijenga, macho yanakwenda kwenye ukuta wa jirani wenye vigae. Akipata IST anaanza kuona Harrier zimejaa barabarani, ingawa zilikuwepo siku zote. Kila hatua aliiombea, kila hatua akashuhudia ibadani, na hakuna hatua hata moja aliyokaa juu yake akapumzika. Njaa humfundisha mtu kwa nguvu. Shibe isipokuwa na mwalimu humlea tu, na akishalelewa nayo, kupungukiwa kidogo anakuona ni kuonewa.

Paulo alipata mitihani kwenye madarasa yote mawili, na mmoja wa mitihani hiyo ni wa fedha kabisa. Kabla ya Rumi alishikwa Kaisaria, chini ya liwali Feliki. Katika kujitetea alitaja kwamba alikuja Yerusalemu kuleta sadaka kwa watu wa taifa lake. Luka anaeleza kwamba liwali alitumaini Paulo atampa fedha, kwa hiyo alimwita mara nyingi akaongea naye. Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa zile "njoo tuongee". Miaka miwili ikaisha, Feliki akahamishwa, mfungwa akaachwa palepale. Tamaa ya mtu mmoja ilisimamisha jalada la mwingine, na yule mwingine hakutoa kitu. Kuridhika kwake kulimgharimu miaka miwili ya mahabusu, na hakuna mahali anapolalamika kwamba angelikuwa nje kama angelijiongeza.

Mtihani mwingine ulikuwa wa heshima, yaani ule ufa wa zamani. Katika sura ya 1 anasema wapo wanaohubiri Kristo kwa husuda na fitina, wakidhani watamwongezea dhiki katika vifungo vyake. Yeye yuko ndani, wao wako nje wanakusanya watu. Hirimu zake wamemtangulia. Kijana wa Wagalatia 1 angeumwa tumbo. Mzee wa Wafilipi 1 anauliza, "Yadhuru nini?" maadamu Kristo anahubiriwa, na anasema amefurahi. Kwangu mimi huo ndio ushahidi mkubwa kwamba somo lilimwingia, mkubwa kuliko hata lile neno la kuwa radhi na hali yoyote. Kuvumilia kukosa mkate kunawezekana kwa ubishi tu. Kumfurahia mshindani wako anayefanikiwa ukiwa mnyororoni, ubishi hautoshi.

Katika hesabu yenu

Tunafika kwenye mstari ambao ningependa ubandikwe ukutani badala ya ule uliozoeleka. Wafilipi 4:17: "Si kwamba nakitamani kile kipawa, bali nayatamani mazao yanayozidi kuwa mengi, katika hesabu yenu."

Hakusema hatamani tena. Ametamani, tena ametamani faida, kwa lugha ya wafanyabiashara. Kilichobadilika ni jina lililoandikwa juu ya hesabu. Mwenye tamaa anaona kilicho kwa jirani na kutaka kihamie kwake. Paulo amepokea kilichotoka kwa jirani, na anachokitaka ni jirani aone ongezeko. Tamaa ileile iliyomfanya kijana ajipime na rika lake sasa inafanya kazi kwa faida ya wengine.

Kwa sababu hiyo siafikiani na mahubiri yanayofundisha kuridhika kama kuzima tamaa zote, kukaa moyo mtupu usiotaka kitu. Fundisho hilo lilikuwepo Rumi siku zilezile, na lilikuwa na mwalimu hodari kuliko wahubiri wetu. Seneca, mwanafalsafa, mwalimu na mshauri wa Kaisari Nero, aliandika kwa ufasaha juu ya mwenye hekima asiyehitaji kitu nje ya nafsi yake. Alikuwa ndugu yake Galio, yule liwali aliyekataa kumhukumu Paulo huko Korintho katika Matendo 18. Mwanahistoria Tacitus anasimulia kwamba maadui wa Seneca walimuuliza ni kwa hekima gani amekusanya sesterti milioni 300 katika miaka minne ya urafiki na mfalme. Maadui husema mengi, na Seneca alikufa kishujaa Nero alipomwamuru ajiue mwaka 65. Sitaki kumdhihaki. Tofauti yake na Paulo ninaiona kwingine: mwenye hekima wa Seneca amejitosheleza, kwa hiyo hata rafiki akimfia hatakiwi kutikisika. Paulo anatikisika. Angepata huzuni juu ya huzuni. Anakiri kwamba walifanya vema kushiriki dhiki yake, yaani dhiki ilikuwa dhiki. Utoshelevu wake uko kwa Kristo, na kwa kuwa hauko ndani yake mwenyewe, hana haja ya kujifanya hana ndugu.

Kipimo cha mstari huu si lazima kiwe gerezani. Chukua kikundi cha VICOBA cha akina mama wa kanisa siku ya kuvunja. Sanduku limefunguliwa kwa funguo zake tatu, katibu ameshika daftari, anasoma jina na idadi ya hisa, na kila mtu anasikia. Aliyenunua hisa chache anajua tangu mwanzo atapata kidogo. Lakini jina la mwenzake linaposomwa, yule aliyeanza naye, wanaouza naye mboga meza kwa meza, na kiasi kinatajwa mara tatu ya chake, kitu kinashika kifuani kabla hajapiga makofi. Makofi anapiga. Ni lile tukio la ndani, kati ya jina na makofi, ambalo amri ya kumi inaliongelea. Na ni hapo pia Wafilipi 4:17 inapoweza kuwa sala badala ya mstari wa kukariri: Bwana, mazao yazidi katika hesabu ya huyu. Sala hiyo mara ya kwanza hutoka kavu, bila hisia yoyote, na nimesikia wakristo wakiiita unafiki kwa sababu hiyo. Sikubali. Mwanafunzi anayekosea herufi si mnafiki wa kuandika. Paulo aliita jambo hili kujifunza, na kujifunza kuna mwandiko mbaya mwanzoni.

Mtume mwenyewe anawaahidi Wafilipi jambo la namna hiyo mstari wa 19, kwamba Mungu wake atawajaza kila wanachokihitaji. Hapo pana balaa letu la siku hizi. Mstari huo umegeuzwa kuwa kanuni ya kupanda mbegu: toa kwa mtumishi ili Mungu akujaze. Angalia mpangilio wa barua. Zawadi imeshafika. Paulo anathibitisha kwamba ana vitu vyote na kuzidi, amejaa tele. Hana ahadi ya kukusanya, hana awamu ya pili, hana mradi. Anawaahidi waliokwisha kutoa na hawadai kitu. Mhubiri anayetumia 4:19 akiwa bado hajasema "nimejaa tele" ameruka mstari wa 18.

"Nayaweza mambo yote"

Mstari wa 13 umekuwa mali ya umma. Uko nyuma ya daladala, kwenye bajaji, kwenye picha za mahafali, kwenye hali za WhatsApp asubuhi ya usaili. "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu." Sina ugomvi na dereva wa bajaji aliyeubandika, huenda yeye, mwenye marejesho ya kila siku, anauelewa kuliko mimi. Lakini ukisomwa pamoja na ule wa 12, mambo yote hayo yametajwa kwa majina: kudhiliwa na kufanikiwa, kushiba na njaa, vingi na upungufu. Paulo anasema anaweza kukosa kazi aliyoiombea akabaki mzima. Anasema vilevile anaweza kuipata akabaki mzima. Mwenye usaili angepaswa kuusoma mara mbili, kabla ya majibu na baada ya majibu, yawe yoyote.

Wanaoutumia kunyamazisha

Kuna watu wanaolipenda somo la kuridhika kwa sababu zisizo nzuri. Mwajiri anayemlipa dada wa kazi kwa kuchelewa humkumbusha kuwa utauwa pamoja na kuridhika ni faida kubwa, 1 Timotheo 6:6. Mume anayenywea mshahara humwambia mkewe awe kama Paulo. Ni vizuri basi kukumbuka kilichotokea Filipi hukohuko, Matendo 16. Paulo na Sila waliponya kijakazi mwenye pepo wa uaguzi; mabwana zake, walipoona tumaini la faida yao limepotea, wakawashitaki. Tamaa ya wengine ikawapiga bakora na kuwatia gerezani. Usiku wakaimba. Asubuhi mahakimu wakatuma ujumbe waachiliwe kimyakimya, na hapo Paulo akakataa katakata: tumepigwa hadharani bila hukumu, nasi ni raia wa Rumi, na sasa watutoe kwa siri? Waje wenyewe. Wakaja, wakawasihi.

Mtu yuleyule aliyeimba usiku ndiye aliyedai haki asubuhi. Anayeweza kuwa radhi na hali yoyote haruhusu uongo juu ya hali hiyo. Vivyo hivyo katika 1 Wakorintho 9 anatetea kwa hoja ndefu haki ya mhubiri kulipwa, kisha anasema yeye hakuitumia. Aliisamehe haki yake. Ya wengine hakuisamehe kwa niaba yao. Na Yakobo 5:4, kwa wenye kuzuia ujira wa wavunaji, haina hata neno moja la kuwaambia wavunaji waridhike. Kwa hiyo kabla ya kumhubiria mtu kuridhika, jiulize kama wewe ndiye unayefaidika akiridhika. Ukiona ndiyo, mlipe kwanza.

Pale kisa kisipotutosha

Paulo hakuwa na mke wala watoto. Kukosa chakula kwa hiari ya imani ni jambo moja. Kumtazama mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango ni jingine. Mzazi hawezi kuwa radhi kwa niaba ya tumbo la mtoto, na 1 Timotheo 5:8 inasema asiyewatunza wa nyumbani mwake ameikana imani. Waumini wengi wenye dhamiri nyepesi wanachanganyikiwa hapa: wanahisi kwamba kuomba, kutafuta, kubadili kazi, kudai nyongeza, vyote ni tamaa.

Barua nyingine inayobeba jina la Paulo, 2 Timotheo, inasaidia kuliko maelezo mengi. Yuko kifungoni tena, baridi inakuja, na anamwandikia Timotheo: lile joho nililoliacha kwa Karpo huko Troa, ujapo ulilete, na vile vitabu, hasa vile vya ngozi. Ajitahidi kufika kabla ya wakati wa baridi. Hakuna aibu katika ombi hilo wala maelezo ya kiroho ya kulipamba. Ana baridi, ana joho, anataka aletewe. Hakuomba joho la Karpo, wala joho jipya kuliko la Dema aliyemwacha na kwenda Thesalonike.

Mzazi anayekwenda kwa mhasibu wa shule kuomba alipe kwa awamu yuko upande wa joho hilo. Anayechukua mkopo wa kausha damu ili sherehe ya kipaimara ya mwanawe isizidiwe na ya nyumba ya jirani yuko upande mwingine, hata kama wote wawili wametoka ibada moja na kuimba pambio moja. Wa kwanza anahitaji kanisa limsaidie kulipa. Wa pili anahitaji mtu wa kukaa naye kabla hajatia saini, amuulize taratibu ni nani hasa anayempangia idadi ya viti.